Isnino Kahin na Udongo Unaokamata Ulimi

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum kwenu wa salaam, na habari zenu nyinyi wa habari. Sogezeni redio karibu. Anayekamua akamue polepole ili tusikilizane. Mimi ni Mukami Kinanu, na leo tunamkumbuka mama mmoja wa Isiolo. Jina lake Isnino Kahin. Nalirudia: Isnino Kahin. Kazi yake ilikuwa kuuza udongo.

Ndiyo, udongo. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka tu, hata yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Alikuwa akisema, "Wengine wanauza ng'ombe, mimi nauza mahali ng'ombe anasimama."

Mama Isnino alifariki mwezi uliopita, Februari mwaka huu wa 1989, nyumbani kwake Bulapesa. Umri wake hasa haujulikani. Baba yake alikuwa askari wa zamani, mmoja wa wale waliomaliza vita vya Wazungu wakapewa ruhusa ya kukaa Isiolo. Mzee huyo aliandika siku ya kuzaliwa binti yake, Jumatatu, ambayo Wasomali huiita Isniin, ndiyo maana akaitwa Isnino. Mwaka akasahau kuuandika. Tuseme miaka sitini na kitu.

Mume wake, marehemu Samatar, alikuwa dereva wa lori. Alipofariki mwaka wa 1969, Mama Isnino akatandika gunia sokoni akaanza kuuza udongo wa kula. Akina mama mnaujua. Ukiwa na mimba, kuna siku moyo hautaki nyama, hautaki ugali, unataka udongo tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja wake mwaka wa 1975, nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Nilienda kwa aibu, nimejifunga kitambaa hadi machoni. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya soko zima, "Wewe ni wa miezi minne. Chukua huu mweupe. Huo mwekundu utakufunga tumbo." Soko lote likageuka. Aibu ikanimaliza, lakini mweupe nilichukua.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalobeba mengine yote. Mama Isnino hakuuza udongo asiouonja. Kila gunia likija, alimega kipande, akakiweka ulimini, akafumba macho. Kisha alikamulia ndimu kipande kingine, aone kama kitatoa povu. Alijua udongo wa kila korongo. Siku moja lori la mifugo kutoka upande wa Korbesa, kule Merti, likamletea magunia ya udongo wa kijivu. Akina mama wakaukataa. Walisema unanata, unakamata ulimi mpaka uuvute kwa vidole. Wateja wakarudisha, wengine kwa matusi. Mama Isnino akabaki na magunia matatu nyuma ya nyumba, na hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Sasa twende Leparua. Binti yake wa pekee, Falis, alikuwa ameolewa huko, upande wa chini ya vilima, na kijana wa Kiborana aitwaye Denge. Mwaka wa 1976 Mama Isnino akaenda kumtembelea. Akaketi, akasubiri chai. Chai ikaja bila maziwa.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua uzito wake. Mama mzazi anatoka mjini, anapanda gari la mizigo, anatembea saa mbili, na katika manyatta yenye kondoo na mbuzi wa kutosha anapewa chai nyeusi! Mama Isnino aliweka kikombe chini, akaanza kufunga leso yake ili arudi nyumbani.

Falis mwenyewe alinisimulia. Alisema, "Nilimshika mguu. Nikamwambia, hooyo, mama yangu, ngoja, usikasirike, angalia kwa macho yako. Nikachukua maziwa freshi, nikamimina ndani ya chai. Yakakatika hapo hapo. Mabonge, mabonge. Nikamwambia, hooyo, si mimi. Ni maji."

Ni maji. Karibu na manyatta hiyo palikuwa na shimo la machimbo. Watu fulani walikuja miaka ya nyuma kuchimba shaba, wakachimba, wakachoka, wakaondoka. Mvua ikajaza shimo. Maji yakapita kwenye mawe yale ya kijani, yakatokea chini kwenye kisima cha manyatta. Yalikuwa na ladha ya kulamba kufuli. Watoto walikuwa wakilalamika tumbo kila siku. Na kisima kingine kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa mguu, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Kwa hiyo watu walikunywa hayo hayo.

Denge akamwonyesha mama mkwe wake msumari uliokuwa umeanguka ndani ya hori la mifugo. Ulikuwa umegeuka mwekundu. Mama Isnino akaufuta kwa leso, akautazama. Mke wa dereva haijui shaba? Alikuwa ameiona mara ngapi ndani ya dainamo ya Samatar! Akasema, "Hii ni shaba. Mnakunywa waya."

Aliporudi mjini alibeba mtungi mmoja wa maji hayo. Na hapa ndipo mimi humvulia kilemba. Mama huyu hakuwa amesoma hata darasa moja. Lakini alifikiri hivi: udongo unaokamata ulimi, huenda utakamata na kitu kingine. Akaenda nyuma ya nyumba kwenye magunia yale matatu aliyokataliwa. Akapanga chupa saba. Kila chupa akaitia maji ya kisima na udongo wa aina yake, akatikisa, akaacha utulie. Kisha akatia msumari uliosuguliwa ukang'aa. Asubuhi akatoa misumari. Sita ilikuwa na wekundu, mingine mwingi, mingine kidogo. Mmoja ulikuwa vilevile alivyoutia. Ni ule wa udongo wa kijivu, udongo wa Korbesa, udongo unaokamata ulimi.

Akafunga ile misumari saba kwenye leso, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya maji. Huko alikuwepo Bwana Kaimenyi, mtu wa kwetu Meru, ambaye sasa amestaafu. Nilimkuta shambani kwake akipalilia, akacheka kabla sijamaliza kumtaja.

"Aliingia bila kubisha," Bwana Kaimenyi aliniambia. "Akamwaga misumari juu ya karatasi zangu. Nilidhani ni mambo ya uganga. Akasema, kijana, usiniangalie hivyo, soma! Nikamwambia, Mama, nisome nini, hii ni misumari. Akasema, ndiyo, wewe si umesoma? Basi soma."

Bwana Kaimenyi alisoma. Akamwambia jambo moja muhimu, na nalirudia kwa ajili ya wote: msumari unaijua shaba tu. Machimboni kunaweza kuwa na risasi pia, yale madini mazito yenye sumu, na risasi msumari hauioni. Kwa hiyo akajaza chupa mbili, moja ya maji machafu na nyingine ya maji yaliyopita kwenye udongo, akazituma Nairobi kwa maabara. Wiki sita Mama Isnino alipita ofisini kila Jumatatu. Majibu yalipokuja, maji ya kwanza yalikuwa na shaba nyingi, na risasi pia. Katika maji ya pili, sehemu tisa katika kila kumi zilikuwa zimetoka. Bwana Kaimenyi akasema ukiyapitisha mara mbili, yatanyweka.

"Nilipomsomea, nilitarajia apige vigelegele," alisema. "Yeye akauliza tu, lori la Merti linaondoka lini? Ninataka magunia mengine."

Basi katika mwaka wa 1977 yakawekwa mapipa matatu pale Leparua. Pipa la kwanza, maji na udongo, yanakorogwa kwa mti kisha yanaachwa yatulie. Pipa la pili, vivyo hivyo tena. Pipa la tatu, mchanga safi, na chini bomba. Udongo uliochoka unatolewa kila mwezi, unatiwa mpya. Siku ya kwanza Falis alipika chai. Akamimina maziwa mbele ya wanawake wote. Hayakukatika. Falis anasema mama yake alikunywa vikombe sita, na kwa kila kikombe alisema anajilipa ile aibu. Watoto wakaacha kushika matumbo. Kwa mwaka mzima kukawa na furaha.

Lakini wasikilizaji wapendwa, marehemu hakuwa malaika, na yeye mwenyewe asingependa nimfanye malaika. Alifanya kosa. Kosa kubwa.

Mwaka wa 1978, baada ya mvua ndefu, kondoo wa Mzee Jarso wakaanza kufa. Mzee Jarso ni baba yake Denge, yaani mkwe wa Falis, na ndiye mwenye manyatta. Macho ya kondoo yalikuwa ya manjano, mkojo mweusi. Mbuzi walikuwa wazima, kondoo tu. Mzee Jarso hakuyashuku maji. Alisema ni kupe wa mwaka huo. Wengine wakasema ni jicho la mtu. Akachoma manukato, akahamisha zizi. Kondoo wakaendelea kufa.

Mama Isnino akaja kumpa pole, kama inavyostahili kwa mkwe. Na kwa kuwa macho yake hayakuwahi kupumzika, akawafuata kondoo siku nzima. Mama wa mjini, kandambili miguuni, nyuma ya kondoo! Asubuhi wakala majani. Saa sita wakanywa maji kwenye hori, ambalo sasa lilijazwa kutoka mapipani, na msumari wake ukamwambia maji ni safi. Saa nane wakaondoka kwenye hori, wakazunguka nyuma ya mapipa, wakainamisha vichwa. Walikuwa wakilamba.

Pale nyuma ndipo Mama Isnino alipokuwa amewaambia wamwage udongo uliochoka. Rundo la mwaka mzima. Ninyi wafugaji mnajua mnyama anavyopenda udongo wenye chumvichumvi, mnawapeleka wenyewe mbali kuutafuta. Na rundo lile lilikuwa limejaa kila kitu kilichotolewa kwenye maji, chumvi na shaba pamoja. Na kondoo, Bwana Kaimenyi ameniambia, haiwezi shaba kabisa. Mbuzi angalau huvumilia.

Udongo haukuwa umeimaliza sumu. Ulikuwa umeibeba tu, na Mama Isnino hakuwa amefikiria mzigo huo unatuliwa wapi.

Fikirieni alivyosimama pale. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Mzee Jarso alikuwa na kupe wake wa kulaumu. Ilitosha kuzika lile rundo kimyakimya, kondoo wangeacha kufa, na heshima yake ingebaki. Na akisema, je? Mzee angevunja mapipa. Watoto wa Falis wangerudi kwenye maji ya kijani. Na Falis mwenyewe angeishi vipi katika nyumba ambayo mama yake ndiye aliyeua kondoo?

Falis alimsihi. Alinikubalia bila kuficha. "Nilimwambia, hooyo, nyamaza. Tutachimba shimo mimi na wewe, itaisha. Yeye akaniuliza, na wewe utakunywaje chai na huyo mzee? Nikasema, nitakunywa tu. Akasema, mimi siwezi. Itanikwama hapa."

Akaenda kwa Mzee Jarso, aliyekuwa ameketi na wanaume wenzake. Hakumwita kando. Akasema, "Mzee Jarso, kondoo wako hawajauawa na kupe. Nimewaua mimi. Udongo wangu ndio wamelamba. Sikujua, lakini ni mimi."

Mzee Jarso akainuka, akachukua shoka, akaenda kwenye mapipa. Wanawake wakapiga kelele. Pipa la kwanza akalipasua, maji na udongo vikamwagika hadi miguuni mwake. Mama Isnino akasimama mbele ya mawili yaliyobaki.

"Ondoka, Mama Falis," mzee akasema.

"Siondoki. Kosa ni langu, si la mapipa. Nipige mimi."

Sasa mwanamume wa heshima atampigaje mama wa mkaza mwana wake? Mzee Jarso akatupa shoka. Lakini akapiga marufuku: hakuna mtu wa manyatta yake atakayeyagusa mapipa. Siku tisa watu walirudi kisimani. Siku tisa maziwa yalikatika, na mtoto mdogo wa Falis akaanza tena kushika tumbo.

Mama Isnino hakurudi mjini. Alikaa palepale kando ya rundo, na fimbo, akifukuza kondoo. Udongo ulikuwa umesambaa kila mahali, mwingi kuliko mtu mmoja kuuzoa kwa siku chache. Kwa hiyo alizoa kidogo, akafukuza kondoo, akazoa kidogo, akafukuza kondoo. Ukifukuza wa kulia, wa kushoto ameshafika. Kondoo wakazoea, wakaona ni mchezo. Kandambili moja ikapotea. Watoto wakakaa juu ya jiwe kutazama.

Siku ya tisa Mzee Jarso akaja, akasimama na fimbo yake mabegani. Namnukuu mwenyewe, maana nilizungumza naye, na bado ana sauti ya kuita ngamia:

"Mimi nilikuwa na hasira bado. Nataka kukaa na hasira yangu. Lakini hii mama inakimbia, inaanguka, inaamka, inatukana kondoo na Kisomali. Mimi nikashindwa, nikacheka. Nikamwambia, wewe mama ya mjini, hakuna mtu alikufunza kitu? Kwani sisi tukitaka mtoto ya kondoo iache kunyonya, tunakimbiza yeye siku yote? Tunapaka titi mavi! Basi. Paka hiyo udongo yako mavi."

Mama Isnino akamtazama. Akasema, "Na siku tisa zote umenyamaza?"

"Wewe pia haukuuliza."

Wakayachota mavi zizini wote wawili, wakwe wawili wazima na adabu zao, mikono hadi viwikoni. Wakayakoroga kwa maji, wakapaka rundo lote. Kondoo wakaja, wakanusa, wakapiga chafya, wakaenda zao. Mzee Jarso akacheka hadi akakaa chini.

Baada ya hapo akaita vijana. Wakachimba shimo refu mahali pa juu, mbali na kisima na mbali na njia ya maji. Mama Isnino akalikandika chini na pembeni kwa udongo wake mpya wa kijivu, ili chochote kisipenye. Rundo lote likaingia humo, likafunikwa kwa mawe na miba. Mzee Jarso akaenda mwenyewe mjini kununua pipa badala ya lile alilopasua. Na tangu mwaka ule wa 1978 mpaka leo, udongo uliochoka hupakwa mavi kwanza, kisha huenda shimoni. Hakuna kondoo mwingine aliyekufa kwa udongo. Bwana Kaimenyi aliandika habari hiyo katika ripoti ya ofisi yake, na anasema wakubwa walimrudishia ripoti wakiuliza kama neno lile la mavi lilikuwa kosa la mpiga taipu.

Miaka kumi na moja Mama Isnino aliendelea. Aliuza udongo sokoni, alituma magunia Leparua, na kila aliyemwita mtaalamu alimkatiza. Alikuwa akisema, "Mtaalamu ni kondoo. Yeye ndiye alinionyesha nilipokosea."

Januari mwaka huu alianza kuchoka. Februari akalala, hakuamka. Alizikwa siku hiyohiyo, kama dini yake inavyoagiza. Habari ilipofika Leparua, mazishi yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo Mzee Jarso akatembea. Ana miaka inayokaribia themanini, na alitembea hadi barabarani, akafika Bulapesa siku ya tatu ya matanga. Wakamwomba aseme neno. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alisimama, akaegemea fimbo yake. Kisha akasema:

"Watu wengi wamenikosea. Wengine nimeenda kwao na wazee, na mashahidi, na bado wamekataa. Huyu peke yake alikuja kuniambia kabla mimi sijajua."

Akaketi. Falis akalia, na mimi nikalia naye, na sioni aibu kuwaambia.

Kwako Falis, kwa Denge, kwa wajukuu watano wa marehemu, kwa Mzee Jarso na watu wote wa manyatta, kwa akina mama wa soko la Isiolo ambao sasa hawajui wamuulize nani udongo gani unafaa, poleni sana. Mungu amrehemu Isnino Kahin, amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjaenda kufunga zizi au kuepua sufuria, nina neno moja. Huenda kuna jambo ulilomkosea mtu, na yeye analaumu kupe, na hakuna aliyekuona. Najua unalijua. Yuko hai, na nyumba yake unaijua. Nenda ukamwambie.